Nilimnyima Dada Kiti Chake Mbele ya Wageni wa Waziri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana aibu imenijaa hata chakula hakipiti. Mimi ni afisa itifaki katika ofisi ya waziri, na waziri mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, yule aliyenilea na kunisomesha. Juzi tulikuwa na wageni, matajiri kutoka ng'ambo wanaotaka kujenga kiwanda, nami nikapewa kazi ya kumwandaa shemeji, asalimie vipi, aketi wapi, asiongee na chakula mdomoni. Sasa dada yangu, mshauri, akicheka anasikika hadi barabarani, na Kiingereza chake ni cha salamu tu, basi nikamnong'oneza shemeji, "Dada mwache nyumbani, atatuaibisha," naye akakubali haraka kuliko nilivyotegemea, nikamweka katibu muhtasi kwenye kiti cha mke, binti mrembo, lugha inamtiririka, wageni wakamwita mke wa waziri na hakuna aliyewasahihisha, hata mimi. Dada aliona yote kwenye taarifa ya habari, watoto wamemzunguka. Akaja kwangu analia, "Mdogo wangu, nani kanifitini kwa mume wangu? Nitafutie huyo mtu." Nikamwambia nitamtafuta! Ijumaa wageni wanarudi kutia saini, na shemeji kasema, "Panga vilevile kama juzi," huku anatabasamu, na tabasamu lile silipendi. Nikisema kweli nampoteza dada na kazi, nikinyamaza ndoa yake inakwenda. Nifanyeje?

Mdogo Mtu

Mdogo Mtu, pole, ingawa pole yangu ni nusu. Dada wa watu anazunguka kutafuta adui, kumbe kikulacho ki nguoni mwake! Na machozi ukamfuta wewe? Una moyo, mama!

Huyo katibu muhtasi mwache, alikaa alipokalishwa. Shemeji yako naye si mtoto, alikuwa anatafuta mlango, wewe ukamfungulia.

Nenda kwa dada yako leo hii. Usibebe zawadi, wala usianze kulia kabla yake. Sema, "Ni mimi." Akikutukana, sikiliza. Akikufukuza, toka, kesho urudi. Kisha mkabilini shemeji mkiwa wawili, na Ijumaa kiti cha mke akikalie mke, acheke atakavyo. Mkalimani yupo kwa kazi gani? Kazi yako ikiota mbawa, iote, utapata nyingine, lakini dada hauzwi dukani.

Na atakapokuuliza kwa nini, usiwasingizie wageni. Wageni hawakusema neno baya juu yake. Mwambie ulimwonea aibu.