Tishu za Watoto, na Watoto Hawapo

Mtaa wa Soko,
Sangju,
24 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Ok-hwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako yote huko São Paulo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunamshukuru Mungu, wazima, ila mgongo umenikamata tangu tulipotia kabichi chumvi kwa ajili ya kimchi ya kula majira ya baridi.

Mdogo wangu, nimechoka nao hawa wazee wa kanisa. Unakikumbuka kile chumba cha vioo nyuma ya kanisa, wanamokaa akina mama na watoto wachanga wakati wa ibada? Ndimo nilimomnyonyeshea Seung-u wangu huku nikisikiliza neno. Sasa wanataka kukigeuza stoo ya viti, kwa kuwa tangu Pasaka hamjaingia mtoto hata mmoja. Nikawaomba wanivumilie mpaka Jumapili ya Mavuno.

Unajua kila kanisa hapa linagawa barabarani tishu za maji zenye jina lake ili kuvuta watu, zile nyembamba zinazoishia kufutia viatu. Nikasema, tukitaka watoto, tutoe tishu za watoto: nene, zisizo na manukato, zenye kifuniko. Nikampigia muuzaji.

“Mama Shemasi, kwenye pakiti nikuwekee picha ya mtoto au ya mbwa? Siku hizi za mbwa ndizo zinazotoka.”

“Kijana, kanisa letu halibatizi mbwa!”

Basi nikasimama mbele ya duka la dawa na baridi yote ile. Akina mama wachache wenye watoto wakanikatalia kwa adabu. Ati ngozi ya mtoto haitaki kubadilishiwa aina ya tishu, wao wanaagiza kwa simu, mzigo unafika mlangoni hata hakujakucha. Sasa mimi nimgawie nani?

Akatokea binti mmoja, Na-rim, anasukuma kigari cha mtoto kilichofunikwa vizuri. Nikainama nikisema, “Jamani, kanafanana na mama yake!” Kitu kikanibwekea usoni. Mbwa, Ok-hwa! Tena kavaa sweta! Anaitwa Kiazi.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. “Mama, hiyo ni sifa au tusi?” Akachukua pakiti mbili za kumfutia nyayo.

Jumapili ya Mavuno, nani yuko mlangoni? Na-rim na Kiazi wake. Mzee Pyo, yule wa baraza, akanyoosha mkono: “Mbwa haingii hapa.” Nikamsukumia kigari hadi chumba cha vioo kabla Mzee hajamaliza, nikaketi nao.

Katikati ya wimbo binti akaniambia polepole, “Mama, kigari hiki sikumnunulia mbwa.” Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka baraka za mwisho.

Tunatoka, Mzee Pyo ananingoja na kalamu na daftari la mahudhurio. “Sasa Mama Shemasi, niandikeje? Watoto wangapi?”

Nimezaliwa na hasira, unanijua. “Andika chumba kina mtu. Na viti vyenu vipelekeni kwenu.”

Baraza linakaa Jumapili ijayo. Niombee, nisije nikamtukana mtu mzima mbele ya madhabahu. Na-rim ameshaniuliza ibada inaanza saa ngapi.

Msalimie sana shemeji, na mwanao Hye-jin na mumewe, na mama mkubwa wa huko Bom Retiro. Bwana awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, mwenye kukukumbuka kila sala,
Mal-suk