Upande Wangu Uko Sawa

Jumatatu, 9 Februari 2026

Wiki ya pili kliniki, hapa Juba. Leo Dokta Mabior amenipa simu. Si zawadi – ni simu ya kazi, kioo kimepasuka, na ndani yake kuna namba za kampuni tatu. Moja ya umeme, moja ya intaneti, moja ya kompyuta. Zamani kila nesi alimpigia fundi anayemjua, na hakuna aliyejua nani kaitwa na nani kaja. Sasa kila shida ipitie kwangu. "Binti, wewe ndiye mlango," alisema. Niliitikia kwa kichwa. Mimi, ambaye shuleni Kitale nilikuwa nahama dawati ili mwalimu asinione.

Saa nne kompyuta zikazima. Maabara ikashindwa kutuma majibu. Kina mama wamejaa kwenye benchi na watoto wenye homa. Nikapiga simu tatu. Kabla ya kila simu niliandika kwanza maneno yangu kwenye karatasi, hata "habari ya asubuhi".

Waiswa, Mganda wa umeme: side yangu iko sawa, madam. Milly wa kompyuta: upande wetu uko sawa kabisa, uliza watu wa intaneti. Makuei wa intaneti: kwangu iko poa, cuzo, hiyo ni jenereta ya Mganda.

Wote wako sawa. Kliniki imezima.

Makuei ni mtoto wa mjomba wa mama. Ndiye aliyemwomba Dokta anichukue. Bila yeye ningekuwa bado mtaani Lemon Gaba kwa Anti Nyanut, nikisugua masufuria na kungoja siku ipite.

Jumanne, 10 Februari

Nimechoka na sijafanya kitu. Niliwaita wote watatu waje saa tatu.

Milly alikuja. Waiswa alifika getini, akaona pikipiki ya Milly, akageuza. Nikamfuata mbio hadi barabarani. Nikamuuliza kwa nini, sauti yangu ikitoka kama ya kuku. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Madam, mimi nikija huyu iko ndani, atasema mbele ya manesi mimi ndiye naharibu. Mimi nakuja yeye akienda."

Kumbe ndivyo wanavyofanya kazi hapa. Kila fundi huja peke yake, hutazama mali yake peke yake, huondoka. Hawajawahi kusimama chumba kimoja. Makuei alikuja jioni, baada ya kuhakikisha kwa simu kwamba wenzake wameenda.

Alhamisi, 12 Februari

Kusema siwezi, lakini kuandika naweza. Nimeunda grupu moja ya WhatsApp, nikawatia wote pamoja na Dokta. Nikaandika shida ya leo vizuri, kwa adabu, na kuuliza: nani ataanza?

Saa nzima ikapita. Kisha Milly akaweka emoji ya viganja viwili vya maombi.

Halafu inboksi yangu ikaanza kulia. Waiswa, kwa ujumbe wa sauti: hawezi kusema pale mbele ya watu, lakini kompyuta za Milly ni za zamani. Milly: dada, nakuambia wewe tu, dishi la Makuei limefungwa ovyo. Makuei: cuzo, unatuanika kwa nini? Nilicheka peke yangu mezani. Kisha nikaona nimebeba pande tatu zilezile, ila sasa zote ziko kichwani mwangu.

Ijumaa, 13 Februari

Vyombo vyao vyote vimo stoo, nyuma ya meza yangu: seva ya Milly, boksi la dishi la Makuei, nyaya kama utumbo. Katikati kuna sanduku la betri. Umeme wa mji ukikatika, lenyewe hushikilia mpaka jenereta iwake. Lina soketi nne, inayofanya kazi ni moja. Milly ameiweka seva hapo. Kila kingine kiko ukutani, na cha ukutani huzima kila umeme unapobadilishwa.

Niliomba ruhusa nipake plagi rangi ya kucha, ili kila mtu ajue yake. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Hakuna aliyetaka nyekundu! Nyekundu ni ya mwenye makosa, wanasema. Mwishowe Milly, aliyeokoka, akasema weka, nyekundu ni damu ya Yesu. Makuei kijani. Waiswa hana plagi humo lakini naye alitaka rangi, basi waya wa jenereta yake nimeupaka njano.

Nikauliza: sanduku la betri ni la nani, tulitengeneze soketi? Milly: ni umeme, muulize Waiswa. Waiswa: ni kitu ya kompyuta. Makuei: mimi nililikuta. Dokta alikuna kidevu, akasema nadhani tulilinunua sisi. Halimo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Yatima.

Jumapili, 15 Februari

Jana Makuei alipita, akaniomba ufunguo wa stoo. Alikaa kidogo, akatoka anapiga mluzi, akaniachia soda. Nilipoingia kufagia nikaona kijani kwenye ile soketi nzima ya betri. Nyekundu imepelekwa ukutani.

Dokta alinikataza kugusa nyaya. Sikugusa. Labda amesahau kuirudisha, nilijiambia. Leo kanisani alikuwa mbele yangu, akageuka wakati wa kupeana amani, akanishika mkono kwa mikono miwili. Sikuuliza.

Jumatatu, 16 Februari

Mafi kahraba tangu asubuhi – umeme wa mji hakuna. Waiswa akawasha jenereta upesi, nilimwona. Lakini seva, sasa ikiwa ukutani, ilishaanguka. Mama mmoja ametoka mbali, Rejaf, na mtoto, ameambiwa arudi kesho kwa majibu. Hakugomba. Alifunga tu leso upya na kumbeba mtoto. Heri angegomba.

Nikatoka nje, nikampigia Makuei bila karatasi. Hakukana. "Cuzo, dishi ikizima kidogo tu, inachukua muda kurudi, na wote wananitusi mimi. Kompyuta ikizima wanamtusi Milly. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Tena hiyo betri si ya mtu." Kabla ya kukata akaongeza: "Usiweke kwa grupu."

Sikuweka.

Jioni Dokta akatangaza: Jumatano wote waje, meza moja, watake wasitake. Amechoka. Kampuni moja itaondoka siku hiyohiyo. Milly amemwambia kwamba ni jenereta. Makuei pia. Milly hajui habari ya plagi, Makuei anajua.

Jumanne, 17 Februari

Nilimwuliza Anti Nyanut, nikijifanya nauliza habari za shuleni: ukijua kosa si la mtu anayesingiziwa, unafanyaje? Anti hakudanganyika hata kidogo. Aliendelea kuchambua mboga. Akasema Waiswa akiondoka hapa atapata jenereta nyingine, Juba nzima inanguruma. Makuei akiondoka, mimi nitamwangalia nani machoni? Nani ataniombea kazi tena? Kisha, kwa upole: "Nyabol, wewe si msemaji. Mungu amekupa hiyo. Itumie."

Na asubuhi Waiswa alinifuata mezani. Aliniuliza kama kwa mkutano watu wanavaa tai. Nilisema sijui. "Basi mimi navaa," akasema. "Waone mtu amekuja."

Jumatano, 18 Februari

Naandika hapa mezani, chumba cha mkutano. Wanadhani ni kumbukumbu za kikao.

Ni Jumatano ya Majivu, tumeanza kufunga Kwaresima. Mimi, Makuei na Waiswa tuna msalaba mweusi kwenye paji la uso, kama watu wa familia moja. Hatujagusa chai. Milly tu ndiye anakunywa, akiomba radhi kila anapomeza. Tai ya Waiswa ni ya bluu, fundo kubwa kama ngumi.

Dokta alianza kwa kuwauliza mmoja mmoja. Upande wetu uko sawa. Side yangu iko sawa. Kwangu iko poa. Nilidhani nitacheka, ikanijia kama kulia. Kisha Makuei akamgeukia Dokta, akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba jenereta ya mtu huyu ni taban, imechoka, afadhali waachane naye kwa amani. Waiswa anakijua Kiarabu cha sokoni. Aliishika tai yake, akailaza vizuri.

Dokta akafunga faili. Akanitazama. "Simu zote zinapitia kwa Nyabol. Hebu atuambie."

Nikafungua mdomo. Nesi akafungua mlango – mama amezidiwa, chumba cha kujifungulia. Dokta akaenda mbio. Msiondoke, alisema.

Basi tumekaa. Kwa mara ya kwanza wote chumba kimoja, na hakuna anayemtazama mwenzake. Feni imesimama. Milly amemuuliza Waiswa habari ya mke wake. Mzuri, amejibu.

Makuei amenisogezea glasi ya maji. "Cuzo," amenong'ona, "umefanya kazi vizuri. Sema tu hujui."

Kweli, mengi sijui. Sijui betri ni ya nani. Sijui kama ningekuwa na dishi ningefanya tofauti. Na nikisema, Jumapili ijayo atakuwa mbele yangu kanisani na hatageuka.

Yule mama wa Rejaf jana hakurudi, na leo pia.

Nimetoa ufunguo wa stoo mfukoni, ule alioniomba Jumamosi. Nimeuweka mezani, katikati yao. Makuei ameutazama, kisha akanitazama, kisha ule msalaba wa majivu ukakunjika kwenye paji lake.

Viatu vya Dokta kwenye korido. Amezaa, anasema mlangoni, mtoto wa kike. Tumepiga makofi kidogo. Anafuta mikono. Anavuta kiti.

"Haya. Tulikuwa tumefika kwa Nyabol."