Maradhi Yasiyouma

Matrah, Omani, 4 Machi 1967

Mwanangu Kheiria,
Salamu zikukute mzima huko Kuwait. Mimi kichwa kilinigonga wiki nzima, nikenda kwa daktari. Kanifunga kitambaa mkononi, kakijaza upepo, kasema nna presha. Siku kumi za vidonge nikapoa, nikaviacha. Vilivyobaki nimempa jirani yangu Masouda, naye kichwa kinamuuma. Wewe unayesoma uuguzi, hebu nambie: presha ndiyo nini hasa?
Mamako

Kuwait, 29 Machi 1967

Mama yangu,
Shikamoo. Mie mzima, ila barua yako imenitia hofu. Mishipa ya damu ikikaza, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo huzipiga kuta za mishipa usiku na mchana. Miaka ikenda, kuta huwa nene na ngumu, njia ikazidi kuwa nyembamba, na moyo wenyewe ukatuna kwa kazi. Yote hayo mtu huenda asiyahisi. Hukupona, mama, vidonge vilikushikilia tu. Rudi kwa daktari. Masouda naye akapimwe, dawa ya mtu hailiwi na mwengine. Na papa wa chumvi umpunguze.
Mwanao

Matrah, 20 Mei 1967

Mwanangu,
Marahaba. Masouda kapimwa, hana presha, ni jino. Mimi siumwi na kitu, kwa nini nijitie dawa? Papa simwachi. Tangu tulipotoka Unguja, chakula cha kwetu kilichobaki ni hicho.
Mamako

Matrah, 11 Novemba 1967

Mwanangu,
Natumai u mzima. Anayeandika ni Masouda, mimi nasema. Barua zako tatu zimefika. Mwezi wa Agosti nilikuwa nakamua nguo, vidole vikakataa kufumba, mdomo ukenda upande. Daktari kasema ni mshipa wa kichwani umeziba kwa presha. Maneno yamerudi, mkono wa kulia bado. Nilimkataza Masouda asikuandikie, ungeacha masomo. Sasa vidonge nnakula kila siku. Usije kabla ya mtihani.
Mamako

Kuwait, 2 Disemba 1967

Mama,
Shikamoo. Nimelia, kisha nimemuuliza mwalimu wangu. Anasema mkono usilazwe: uukunje na kuukunjua asubuhi na jioni, hata ukichoka. Masouda akusaidie. Mtihani ni Februari. Nambie kweli, nije sasa?
Mwanao

Matrah, 19 Januari 1968

Kheiria,
Nimeandika mwenyewe, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Fanya mtihani. Halafu usikae huko hata siku moja.
Mamako