Kidonge Hakikatwi

Mwanangu na mkwe wangu,

Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Nguo zianueni kabla ya mvua. Mimi nimempeleka Kipepeo zahanati. Kifafa kimemwangusha asubuhi pale kwenye ndoo. Sasa ameamka na ameomba uji, kwa hiyo msije mbio kama wendawazimu.

Nimefungua chupa ya dawa yake nikakuta nusu na robo, ndipo nikaelewa kwa nini kila mmoja wenu hujificha na kisu. Mkwe wangu, usiku unakata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Na wewe mwanangu, ukirudi lindoni asubuhi, unaikata tena ile nusu kabla ya kumpa, eti unabana matumizi! Kila mmoja anamficha mwenzake, mtoto anameza robo. Umeona wapi kidonge chenye umbo la nusu mwezi, baba, usijiulize?

~~Nyote wawili hamna akili.~~ Najua hali ni ngumu, na mtoto mnampenda. Lakini mngekaa mkaambiana, tungekunywa chai bila sukari wote, dawa yake isiguswe.

Chumvi msizidishe. Vitunguu vya kuungia vikateni kwa meno. Kisu nimeondoka nacho.

Mama yenu, bibi yake Kipepeo