Panya wa Banda la Mashine

Jumanne, 8 Aprili
Baada ya alfajiri nimefungua banda, kama kila siku. Mvua bado. Pikapu: waya mmoja wa taa umekatwa, wa pili umechubuliwa hadi shaba. Mashine ya kukata nyasi: waya wa plagi umeliwa. Ndani ya kichujio cha hewa, kiota cha sponji iliyotafunwa. Mtego niliuweka jana, chambo dagaa. Haukuguswa.

Khitma ya kaka ni Jumapili, tarehe 27. Makaburi yetu yamemezwa na nyasi. Mashine lazima iwake kabla ya siku hiyo.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeziba. Matundu ya chini kwa saruji na vipande vya chupa, dirisha la banda kwa wavu wa chuma. Magunia na makumbi ya nazi yote nje. Kassimu, fundi wa pikipiki hapa Dunda, amebadilisha nyaya. Alipoondoka nikazipaka mafuta ya nazi, kama nilivyozipaka zile za mwanzo kabla ya Ramadhani. Chumvi ya bahari hula kila kitu. Marehemu baba hakuhifadhi jembe bila kulipaka.

Mtego, dagaa tena.

Ijumaa, 11 Aprili
Nyaya mpya zimeliwa. Dagaa wako pale pale mtegoni. Nimekasirika.

Nyuma ya banda kuna chanja za Mwanaidi, mjane wa kaka. Anakausha samaki wanaoletwa kutoka Saadani. Ndiyo kazi inayomweka mjini tangu afiwe. Baada ya swala ya Ijumaa nilimwambia azihamishe, kwamba samaki wake ndio wanaowaita panya. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, shemeji. Naona panya wamekutuma."

Jumapili, 13 Aprili
Chanja zimeondoka. Amezipeleka kwa dada yake, bondeni. Nimefungua dirisha la chumbani kwangu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Hewa nzuri. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 16 Aprili
Panya hawajaondoka. Wametafuna tena, safari hii kebo ya akseleta ya mashine.

Jana mvua kubwa. Nimesikia sokoni, si kwa Mwanaidi mwenyewe, kwamba maji yalipanda bondeni na samaki wake wote wameharibika. Nilipita mlangoni kumsalimu. Aliitikia. Hakunisogezea kiti.

Jumamosi, 19 Aprili
Kassimu amekuja tena. Alishika waya, akaunusa, akacheka.

"Mzee, mbona hizi nyaya zinanukia kama kichwa cha mtoto anayekwenda madrasa? Umezipaka nazi?"

Nikasema ndiyo. Akasema basi hata yeye angezila.

Alipoondoka nilizikagua moja moja. Zimeliwa zile tu nilizozipaka. Wa taa za nyuma, niliousahau, mzima. Na dagaa hawakuguswa siku zote hizi. Nimeliandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipita.

Miaka thelathini nimeandika habari za mahakamani. Sikuwahi kumwita mtu mwizi kabla ya hukumu. Mwanaidi nilimhukumu bila kumuuliza hata swali moja.

Kuna jambo jingine, bora niliandike. Harufu ya samaki. Hiyo ndiyo niliyotaka iondoke. Panya walinipa sababu.

Jumapili, 20 Aprili
Nimekwenda kwa Mwanaidi. Alikuwa anaosha vikapu, vitupu.

"Ni mafuta yangu, shemeji. Si samaki wako."

Aliendelea kuosha. Kisha akasema, "Wewe mwandishi wa habari. Na hukuuliza."

 

Alhamisi, 24 Aprili
Nyaya mpya, hazikupakwa kitu. Za zamani zilizobaki nimezifuta kwa mafuta ya taa. Grisi kwenye vyuma tu. Chambo: kipande cha nazi. Panya wanne kwa siku tatu.

Asubuhi nimezirudisha chanja kutoka bondeni kwa pikapu, safari mbili, nikazisimika zilipokuwa. Hakuniomba. Hakunikataza. Mwenye samaki Saadani amekubali kumletea mzigo Jumatatu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mashine imewaka nilipovuta kamba mara ya pili. Nimekata nyasi makaburini hadi karibu na adhuhuri. Mwanaidi alikuja na kijiko cha bustani, akang'oa kwa mkono kandokando ya kaburi la kaka, mahali kisu cha mashine hakifiki. Pamekuwa safi.

Njiani kurudi aliniambia kuwa chanja moja nimeiweka kivulini, samaki wa upande ule hawatakauka.

Nimeihamisha kabla ya kunawa mikono.