Saa Tatu ya Kwetu, Saa Tatu ya Karatasi

Mama Biubwa, salamu. Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na naomba usinihurumie kabla hujafika mwisho wa barua, maana mwenyewe nimejihurumia vya kutosha tangu mwezi wa pili.

Mimi ni Mrundi, nina miaka hamsini na mmoja, naishi Bertrams, mtaa wa jiji huku kusini mwa Afrika, ambako baridi huja katikati ya mwaka. Nilianza kwenye kitalu kimoja cha miche upande wa Troyeville kwa kubeba magunia ya mbolea, hakuna aliyenifundisha kitu, nilijifunza kwa kupoteza: mwaka wa kwanza nilipanda maharage mwezi wa tatu kama tunavyopanda kwetu, na baridi ikaunguza mistari yote kumi na minane. Nikatafuta kipimajoto, nikakitundika nje ya dirisha, na kwa majira manne ya baridi niliandika kila alfajiri, mwaka 2014 umande uliganda mara kumi na moja, mwaka uliofuata tisa, mpaka daftari likawa kalenda, na kalenda ikawa mafunzo ya Jumamosi, kwa Kiswahili, pale pale kitaluni. Siku ya kwanza walikuja watu saba, na watatu kati yao walikuwa wanakimbia mvua. Mwaka jana walifika arobaini na mmoja, Wakongo, Warundi, Watanzania kutoka Mayfair, wengi wao akina mama wanaolima lengalenga, yaani mchicha, na nyanya nyuma ya nyumba.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2018 mwenye kitalu akaniita akasema wateja wa Kiingereza nao wanataka mafunzo, na Kiingereza changu, alisema huku anatabasamu, ni cha magunia. Nafasi akampa Octave. Huyu Octave ni mtoto wa rafiki yangu wa kanisani, Mkongo, ana miaka ishirini na sita, aliletwa huku akiwa na saba, mimi ndiye niliyemwingiza kitaluni na mimi ndiye niliyempa daftari alichape kwa Kiingereza. Tangazo likatoka: Kalenda ya Baridi ya Octave. Jina langu halimo hata pembeni. Mimi nikarudi kwenye magunia, na Jumamosi nikipita na toroli namsikia akizitaja nyuzi zangu za baridi kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiamka kuzisoma.

Sasa nifike penye kidonda. Kwenye daftari, kuhusu miche ya kwenye trei, nimeandika: saa 3 fungua plastiki, mwagilia, saa 10 funika. Sisi wote tunaelewa, ni asubuhi jua likishapanda, na alasiri kabla baridi haijashuka. Octave anasema Kiswahili vizuri lakini saa alijifunzia shuleni hapa, kwake tatu ni tatu na kumi ni kumi, basi akaandika kwa Kiingereza 3 na 10 vilevile. Mwisho wa mwezi wa tano alikuja kwangu na karatasi kabla haijachapishwa, akasimama mlangoni, akaniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake, akasema, "Tonton, niangalizie kama kuna kosa." Nilisoma mara moja na kosa nikaliona, kwa sababu namba hazinipiti, na nikamrudishia nikamwambia, "Mwalimu si wewe sasa?" Akacheka, akadhani ni utani, akaenda kuchapisha.

Nilitaka aaibike, Mama Biubwa, hilo tu. Sikumfikiria Marthe.

Marthe ni mjane kutoka Uvira, ana trei kumi na nne, kila trei miche hamsini, hesabu yake ni miche mia saba aliyowaahidi wenzake kwa kupanda mwezi wa tisa. Kiingereza hajui, binti yake aliyezaliwa hapa ndiye aliyemsomea: saa tisa alasiri fungua na mwagilia, saa nne usiku funika. Aliona ajabu, lakini karatasi ina muhuri wa kitalu, akasema labda ndivyo baridi ya nchi hii inavyotaka. Siku tisa miche ilishinda imefungiwa kwenye plastiki, halafu jioni inafunguliwa, inaloweshwa, inabaki uchi hadi usiku. Siku ya kumi kipimo kilishuka nyuzi mbili chini ya sifuri. Mia saba yote nyeusi. Na mwenye nyumba amemwambia kama hadi mwisho wa mwezi wa nane uwanja una trei tupu tu, ataegesha magari hapo.

Jumamosi Marthe alizileta trei mbili mafunzoni, akina mama wakahoji saa, kosa likajulikana, wakamgeukia Octave, mmoja akamwuliza kama kwao jua huchomoza usiku. Octave aliniangalia nikiwa na toroli langu. Hakusema kwamba alinionyesha. Marthe akaja akanishika mkono akasema, "Papa, ningekuuliza wewe tangu mwanzo."

Sasa mwenye kitalu ananitaka nirudi kufundisha Jumamosi ijayo. Eish, ndicho nilichokililia miezi mitano. Je, nishike nafasi yangu ninyamaze, au ni lazima niseme?

Mwenye Daftari, Bertrams

*

Ndugu Mwenye Daftari,

Umedhulumiwa. Nakupa hilo kwanza, na nakupa lote. Mwenye kitalu alichukua akili yako akakurudishia gunia, na Octave aliweka jina lake juu ya alfajiri zako bila hata kuuliza. Mtu yeyote angeumia.

Lakini umeniandikia barua yenye namba kila mahali, na nimeona jinsi ulivyozipanga. Mistari kumi na minane, watu arobaini na mmoja, miezi mitano. Zote za kuumia kwako. Nihesabie basi moja uliyoiruka: kuna siku ngapi kati ya siku Octave aliposimama mlangoni kwako na siku miche ya Marthe ilipokufa? Kila siku kati ya hizo ulikuwa na simu mfukoni. Kijana alifanya kosa la kutojua, tena akaja kwa mkubwa wake kuuliza, na mkubwa akamchezea maneno. Halafu mbele ya umati akakusitiri. Usije ukaniambia hana adabu.

Ukishika nafasi hiyo kimya, utafundisha ukiwa mateka wa Octave, na kila Marthe atakapokuita Papa utameza moto. Sikushauri.

Mwenye kitalu mwambie utajibu baada ya siku tatu. Siku hizo zina kazi. Nenda kwa Octave, mwambie utasema mwenyewe, asibebe tena mzigo wako. Kisha mkae wote wawili na karatasi hiyo, muandike asubuhi, alasiri, usiku, kwa lugha zote mnazozijua, na majina mawili chini yake. Mwenye kitalu akikataa jina lako, acha kitalu, akina mama watakufuata hata kwenye uwanja wa kanisa. Akikubali, fundisheni pamoja, wewe Kiswahili, yeye Kiingereza.

Na Marthe je? Yeye ndiye anayekudai. Sia mbegu zake wiki hii hii, trei kumi na nne, dirishani kwako na sakafuni kwako, ulale kando ya trei hizo ikibidi, umpelekee zikishaota, ili mwenye nyumba wake akija mwisho wa mwezi wa nane akute uwanja wa kijani. Lakini usiende na trei kwanza ukadhani zitakusemea. Nenda mikono mitupu. Anaweza kukufukuza, na ana haki. Mbegu zisie hata hivyo.

Ukikaa mbele yake usianze na mwenye kitalu, wala Kiingereza, wala Octave. Anza na neno moja, "nilijua," kisha nyamaza umwache aseme yeye.

Biubwa