Mkwe Wangu, Meneja wa Bundi

Jumamosi, 6 Januari

Tumefungwa tena. Sita kwa moja, nyumbani kwetu, na hilo moja ni la Kolby. Nani mwingine.

Bundi wa Torvald, timu yetu ya magongo ya barafuni, hawana mabeki. Wawili wanajua kuteleza kinyumenyume, waliobaki wanageuka kama trela lililokwama kwenye theluji. Kipa anaachwa peke yake, kisahani, ndio mpira wetu, kinamjia kutoka kila upande, maskini. Na meneja yuko juu kwenye kibanda chake cha vioo, mikono kifuani, anatafuna chingamu.

Ardith, jirani yangu na mwanakamati wa timu, tumekaa kiti kwa kiti tangu viti vya uwanja ule vilipokuwa vya mbao. Ningependa kuandika kwamba alininong'oneza, lakini Ardith hanong'oni. Alisema mbele za watu: "Lesia, huyu mkwe wako anasubiri nini? Barafu iyeyuke?"

Nikanywa kahawa yangu. Meneja ni Garth. Garth ni mume wa Nadia, mwanangu wa pekee. Mpole, hana makuu, hajawahi kuniinulia sauti. Ni mkwe ambaye mama yeyote angemwomba Mungu. Lakini kupanga kikosi — hajui. Hajui kabisa.

Haya, nimeandika. Ni hapa tu ninapoweza kuliandika.


Jumatano, 10 Januari

Siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji. Nimeshinda na redio. Nimeunguza vitunguu.

Alasiri wametangaza. Kolby Desjarlais, nahodha wetu, anakwenda Redvale. Redvale, kati ya timu zote! Sisi tumepewa vijana wawili wa miaka kumi na saba, na ahadi ya mchezaji mwingine mwakani. Ahadi.

Sijakaa chini tangu saa ile. Nimekoroga supu isiyohitaji kukorogwa. Nimepanga upya kabati la vikombe. Kolby, misimu mitatu yuko nasi, nusu ya magoli ya timu ni yake. Akikukuta dukani anakubebea mifuko mpaka garini, na haombwi.

Ardith kapiga simu. Anauliza nimesikia? Nimesikia. Nilikuwa najua? Sikujua. "Mkwe wako hakukudokeza hata kidogo?" Nikamwambia meneja haniletei mimi mambo ya ofisini kwake. Halafu akasema laiti angeniletea, ningemzuia.

Ni kweli ningemzuia.


Ijumaa, 12 Januari

Garth kaleta jezi mwenyewe. Mimi ndiye ninayeshona majina mgongoni, kazi ya kujitolea, miaka mingi sasa. Kaziweka mezani bila kunitazama. Mbili za hawa wapya, na moja ya Kolby, nifumue jina.

Mmoja wa wapya anaitwa Vandenberghe-Stroud. Nikamuuliza mgongo wa mtoto huyu una upana gani, mpaka herufi zote zienee. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Nikamkaribisha chai. Akakaa ukingoni mwa kiti, koti hakuvua. Nikamuuliza taratibu, kama naulizia hali ya hewa: mwanangu, kwa nini Kolby?

"Mama, Kolby ana miaka ishirini. Mwakani umri hautamruhusu kucheza ligi hii ya vijana. Angeondoka nikabaki mikono mitupu. Sasa nina vijana wa kujengea."

"Na msimu huu?"

"Msimu huu tumeshaupoteza."

Kalisema hivyo, kikombe mkononi. Na mechi bado ni tele! Sasa sisi tunaoshona, tunaouza soseji mlangoni, tunaoendesha gari kwenye baridi inayopasua betri — tunakwenda kutazama nini? Ujenzi?

Sikumwambia. Ni mkwe. Nilimjazia bakuli la pierogi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, ampelekee Nadia, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Halafu nikafumua DESJARLAIS. Ile D ilinisumbua. Mwaka juzi niliishona mara mbili, nikijua atakaa.


Jumamosi, 20 Januari

Nne bila. Vijana wapya wanaogopa kusogea kwenye ukuta wa uwanja, wasije wakabamizwa. Vandenberghe-Stroud kaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Herufi zangu zimekaa vizuri, angalau.


Jumamosi, 27 Januari

Nimerudi sasa hivi, buti sijavua.

Leo walikuja Redvale. Uwanja ulijaa kama zamani. Kolby alipotokea na jezi yao nyekundu watu walisimama, wakampigia makofi kwa muda mrefu mpaka mwamuzi akawa anatazama saa. Mtoto wa watu akainua gongo lake, akainamisha kichwa. Ardith analia, anajifanya ni mafua.

Kafunga goli la kwanza. Watu wakashangilia. Goli la wapinzani, na Torvald inashangilia! Kafunga la pili, na safari hii alimzunguka Vandenberghe-Stroud kama anazunguka nguzo ya taa.

Hapo ndipo upande wa mlangoni walipoanza. "Garth, on-do-ka. Garth, on-do-ka." Wanapiga miguu sakafuni. Ikaja safu kwa safu, ikafika kwetu. Ardith kadakia. Na mimi — sijui ilianza vipi. Nilikuwa nimesimama. Miguu yangu inapiga. Mdomo wangu unasema. Na kusema kweli, ilinipa raha. Wiki tatu nzima nilikuwa nimemeza kitu kama mfupa, sasa kimetoka.

Nadia alikuwa safu mbili chini yetu. Huwa anakaa upande wa pili na wake za makocha, leo sijui kwa nini alihama. Akageuka. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kama mtu anayehakikisha kama ni mimi kweli, kisha akageukia barafu.

Nikakaa. Tumefungwa tano kwa mbili. Sikuona mengine.

Simu imelia nikiwa njiani. Ujumbe wa Nadia. "Umefika salama?" Basi. Hakuna kingine.


Jumatatu, 29 Januari

Nadia kaja asubuhi, peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakuja na ugomvi.

Kaniambia Garth haingii ndani moja kwa moja siku hizi. Anafika, anazima gari, anabaki ndani yake uani, kwenye baridi ile. Mpaka Nadia atoke kumgongea kioo. Dukani kuna mtu alimpa mgongo, mtu waliyesoma naye. "Nikimwambia tuache, tuondoke, anasema hawezi kuwaachia wale vijana wawili peke yao, yeye ndiye aliyewaleta."

Nikamwambia anisamehe kwa Jumamosi. Akasema hilo si kitu, Garth hakuniona, na yeye hakumwambia.

Kisha akatoa lililomleta. Mashabiki wameomba mkutano. Timu yetu haina tajiri, ni ya mji wenyewe. Kila mwenye kadi ya uanachama ana kura. Tarehe nane watapiga kura meneja abaki au aondoke.

"Mama, sikuombi umpende kwa kazi yake. Najua unavyomwona. Nakuomba kura tu."

"Unayo," nikamwambia. "Mwanangu, unayo. Hata usiulize."

Akanikumbatia mlangoni. Amekonda.


Jumatano, 31 Januari

Gari limegoma kuwaka. Usingizi nao. Ardith anapita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu waende mkutanoni. Kwangu kapita bila kugonga. Heshima, nadhani. Au ananijua.


Alhamisi, 8 Februari

Ukumbi wa maveterani wa jeshi. Watu wamejaa, wengine wamesimama karibu na makoti. Nilikwenda na nia moja: ABAKI. Nilikuwa nimeshaiandika kichwani tangu nyumbani. Ardith kaniwekea kiti, nikakaa. Tungekaa wapi kwingine?

Mwenyekiti kasoma matokeo ya msimu. Hakuna aliyepiga kelele, na kelele ingekuwa nafuu. Kisha Garth kasimama. Kavaa suti ya harusini. Nadia mstari wa mbele, mikono mapajani.

Alianza vizuri. Kawashukuru wanaojitolea, kanitaja mimi kwa jina, watu wakapiga makofi kidogo. Nikajisemea, Lesia, umeona, huyu ni mtu.

Halafu mzee mmoja nyuma kamuuliza swali rahisi: mabeki. Tatizo ni mabeki tangu msimu wa juzi, mbona Kolby ametoka na hakuja beki hata mmoja? Na Garth akasema, kwa sauti yake ile ile ya upole, kwamba kwa tathmini yake mabeki ndio nguvu ya timu hii.

Nguvu ya timu hii.

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Anaamini. Miezi yote yuko juu kwenye vioo, anatazama kile kile ninachotazama mimi, na hicho ndicho anachokiona. Nikamtazama yule Vandenberghe-Stroud, alikuja na mwenzake wakaketi karibu na mlango, nikawaza mwaka mwingine hivi, miwili. Na Garth anakaa garini uani, mwaka mwingine, miwili.

Karatasi ilikuwa ndogo. ABAKI upande huu, AONDOKE upande ule. Kalamu yangu ilikuwa kwenye ABAKI, naapa. Niliishikilia hapo mpaka wino ukaacha nukta. Kisha nikaweka alama upande wa pili, nikakunja haraka kabla sijajiuliza.

Ardith aliona. Kaniwekea mkono gotini, kaondoa.

Garth ameondolewa kwa tofauti ya kura chache, za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nadia alitembea kuja kwangu kupitia watu wote wale, akalia begani kwangu, akaniambia asante.


Ijumaa, 9 Februari

Asante.


Jumapili, 11 Februari

Naandika nikiwa chini, kwenye ghala la viazi, nimekaa juu ya kreti. Nimesema nakuja kuchukua chupa ya matango ya siki.

Wako juu jikoni, wote wawili. Wamekuja kula. Nilidhani nitamkuta Garth amevunjika moyo. Wala. Kanyoa, macho yanang'aa, anakula kwa mara ya kwanza tangu sikukuu. Nilifurahi mpaka nikamwongeza sahani ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Nikawaza, umeona, nilimfanyia wema, ametoka kwenye lile gari.

Kisha kaweka uma chini.

"Mama, sijakubali. Kura zilikuwa chache mno. Kesho naenda mbele ya kamati kupinga. Mwenyekiti amesema sawa, niende na watu walioniunga mkono, wasimame waseme wenyewe."

Nikamuuliza ana watu wangapi.

"Wachache wanaojitokeza. Wengine wanaogopa majirani. Ndiyo maana wewe ni muhimu. Wewe unakaa na Ardith, wewe ni shabiki kuliko wote mji huu, kila mtu anajua huna upendeleo. Ukisimama wewe wa kwanza, wengine watasimama." Akanishika mkono juu ya meza. "Ukumbini mle, mama, kura moja tu ndiyo niliyokuwa na hakika nayo."

Nadia alikuwa anatabasamu. Mwezi mzima sijaona meno ya mwanangu.

Na mimi nikasema matango. Nikasema hatuwezi kula soseji bila matango.

Chupa ninayo, iko mapajani. Nikipanda ngazi niseme nini? Nikisema ndiyo, kesho ninasimama mbele ya watu, Ardith yumo kwenye kamati, Ardith aliona karatasi. Nikisema hapana, lazima niseme kwa nini hapana. Na kila nikigeuza, nikilirudia lile swali la mabeki, mkono wangu unakwenda upande ule ule.

Nasikia viti. Nasikia Garth anasafisha vyombo, maji yanamwagika, anapiga mluzi.

"Mama," Nadia ananiita toka juu ya ngazi. "Umekwama huko?"

Nimejibu nakuja.

Kaniita tena. Nimejibu tena nakuja.